Nyigu Kastaafu

Ndani ya basi, muuza maua alijifanya amelala, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Fundi wa jeshi alikuwa akimweleza mama aliyeketi kando yake, kwa sauti ya mfiwa, kwamba leo wameistaafisha droni ya ulinzi, ile ambayo mtaa mzima uliiita Nyigu.

“Afadhali!” mama akapiga makofi. “Miaka yote hii naanika nguo za ndani chini ya shuka kwa ajili yake!”

“Lakini wakati wa mafuriko ndiye aliyewaona mliokwama mapaani,” fundi akamtetea.

“Aliniona, mwanangu, namshukuru. Sasa aende zake!”

Fundi akamkazia macho. “Shuka la njano, lenye tausi?”

Basi likasimama. Mama akashuka akicheka hadi machozi. “Kesho naanika peupe,” akapaza sauti, “na hamwoni kitu!”