Vibao vya Dorkasi

Sogeeni, wanangu. Silvano, funga dirisha, ukungu unaniingia kifuani. Raheli, kaa hapa nikuone. Msinikatize, pumzi niliyobaki nayo ni ya mazungumzo haya tu. Shamba mmeshagawana kwa amani, sina la kuongeza. Ninachotaka kusema ni juu ya vile vibao vya kiwandani.

Mnakumbuka Wazungu walipoondoka na kiwanda cha chai kikawa mali ya umma, mimi mnyampala, msimamizi wa vibarua, nikaachiwa filimbi, nikajiona bwana mkubwa. Mashine za kusaga majani zilikuwa tatu, tanuru la kukaushia moja, nami nikaziwasha zote tatu tangu alfajiri, maana niliona mashine iliyolala ni aibu kwa taifa. Kufika adhuhuri majani yaliyosagwa yamerundikana mbele ya tanuru, yanachacha kupita kiasi, chai inatoka imepooza kama maji ya kuoshea vyombo. Tukawa tunamwaga, nami nawafokea watu.

Ndipo Dorkasi, yule mpimaji wa majani, akanijia. “Shikamoo, mnyampala. Tanuru ni moja. Mbona tunashindana kulipangia foleni?” Nikamcheka mbele za watu. Wiki ile nikaugua, na niliporudi nikakuta ametundika vibao ukutani, kila mkupuo wa majani na kibao chake. Kibao hakisogei mpaka majani ya kibao cha mbele yake yametoka tanurini. Tanuru likawa ndilo linaloziamuru mashine, na mashine zikayaamuru hata malori ya shambani yaje saa ngapi. Siku za ukungu, majani yanapochelewa kunyauka, aliyafumbata kiganjani. Yakifumuka upesi, ishara kwamba bado mabichi, alirudisha vibao vyote nyuma nafasi moja, bila kelele. Wanangu, nimeona mafundi wengi, wenye vyeti na wenye miwani, lakini akili kama ile sijaiona tena. Hatukumwaga hata gunia. Nilikuwa nasimama nyuma yake kumtazama tu, nikaona raha.

Kisha wakaja wakubwa kutoka Tanga, wakauliza ni nani aliyebuni. Dorkasi alikuwa kwenye mizani, hatua tano tu. Nikasema, “Mimi.” Wakanipa ile redio. Yeye akaniangalia mara moja, akaendelea kupima. Miaka minne, mpaka alipoacha kazi akarudi kwao Vuga, hakunitajia neno, na kila asubuhi shikamoo yake ilikuwa ileile. Iliniuma kuliko tusi.

Silvano, Jumatatu wanakukabidhi filimbi yangu kwa kuwa wewe ni mtoto wa mwenye vibao. Usiipokee kabla hujawaambia ukweli. Wakikunyima, wakunyime, mimi ndiye niliyekuponza. Redio mpelekeeni Dorkasi, na akiikataa msimlazimishe.

Na siku ya kunizika... ngojeni Dorkasi afike. Mchungaji akitazama saa, mwambieni mzee huyu alipenda kuharakisha mambo, leo asubiri zamu yake. Mtajeni pale kaburini, watu wote wasikie, kwamba vibao ni vyake...

Raheli, maji. Kidogo. Basi... Mungu awatunze, awape mikono mipole, na... na vinywa vya kweli kuliko changu. Silvano, usilie. Lile jina, litaje nisikie...

Eeh. Hilo. Tena... kwa sauti.