Revocatus na Papa Aliyerudi Roma

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti ya redio kidogo, maana leo tunamkumbuka mtu aliyezungumza polepole. Ni Revocatus wa Kamachumu, mnunuzi wa nguo kule Guangzhou, China. Revocatus alifariki mwezi uliopita, Machi 1998.

Jumapili, baada ya misa katika kanisa la mawe la barabara ya Yide, alipenda kusimulia habari za Papa Gregori wa Kumi na Moja. Mapapa walikuwa wamehamia Avinyon, Ufaransa, karibu miaka sabini. Gregori akasema, narudi Roma. Makadinali wakamsihi abaki. Inasimuliwa kwamba baba yake mzazi alijilaza kizingitini kumzuia. Gregori akamruka, akaenda zake.

Hapo Bimdogo ndipo alipopandisha hasira. Bimdogo ni mfanyabiashara wa Unguja. Alimwita Revocatus kaka tangu siku alipompokea uwanja wa ndege wa Baiyun, Revocatus akiwa bado mgeni asiyejua hata kumkatalia bei laubani, yaani tajiri wa duka.

"We! Mzazi harukwi!" alisema. "Alirudi akamruka tena, kuutangua mkosi?"

"Hakurudi."

"Basi kajitafutia balaa."

Wakacheka wote.

Mwaka jana Revocatus akaugua ini. Bimdogo alimpeleka hospitali, akamkorogea uji, akagombana na wauguzi kwa ishara za mikono, lugha ilipomshinda. Mgonjwa akaamua kurudi nyumbani Kamachumu. Bimdogo akaingiwa na hofu. Alijua hadithi ilikoishia: Gregori alifika Roma, mwaka wa pili akafa.

Siku ya safari, teksi inapiga honi chini, Bimdogo kaketi mlangoni, miguu kainyoosha, kaziba njia.

"Hapa pana madaktari. Huko una nini?"

"Nina Natalia." Natalia ni mkewe.

"Basi n'ruke!"

Revocatus hakumruka. Aliweka begi chini, akajikongoja, akaketi sakafuni kando yake.

"Sikuruki, dada. Ndege ikiondoka, na iondoke."

Bimdogo alilia sana. Kumpenda alimpenda, na kumwachia kulimuuma. Mwisho akakunja miguu mwenyewe, akalibeba begi hadi kwenye teksi.

Revocatus alifika. Tunarudia, wasikilizaji wapendwa: alifika kwake akiwa hai. Bi Natalia ametuambia hivi: "Aliomba maji ya kunawa, kama mtu aliyetoka shambani. Miezi miwili nilimlisha, nikamwogesha, nikamgombeza. Miaka yote ile sikuwa na mtu wa kumgombeza."

Pole, Bi Natalia, pamoja na ukoo mzima wa Kamachumu. Pole nawe Bimdogo, hapo ulipo Guangzhou. Umefiwa na ndugu, na matanga hukuyahudhuria.

Nasi tuliobaki, tukizima redio, kila mmoja ajiulize: ni nani ninayemzuia asiende kwao, eti kwa kuwa nampenda?