Mtoto Wangu Alizaliwa na Mtoto wa Jicho

Akina mama, leo sikuja kuuza ndizi, msiniombe nipunguze bei. Nimekuja kusema Mungu alivyonitendea, na nikilia msinipigie makofi, ngojeni nimalize.

Mnajua baba yangu alikufa kipofu. Kule kwetu Njukini walisema ni laana. Mimi mwenyewe tangu utotoni niliona kama kuna ukungu, nikanyamaza nisije nikakosa mume.

Nikaolewa hapa Mata, nikazaa. Mtoto namchekea, hacheki. Katikati ya jicho, pale panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa peupe kama tui.

Daktari wa macho kule Voi akammulika. "Mama, ana mtoto wa jicho." Mama mkwe wangu akaruka: "Si huo ni ugonjwa wa wazee? Huyu hata jino hana!" Daktari akasema wengine huzaliwa nao, na wangu apasuliwe mapema, kwa sababu ubongo wa mtoto unajifunza kuona sasa. Ukichelewa, hata jicho likisafishwa haliwezi kuona vizuri. Akaniangalia na mimi. "Na wewe unao."

Nyumbani, wacha! Mama mkwe akasema mjukuu wake haguswi na kisu mpaka ukoo wa baba yangu uitwe kuondoa laana. Uitwe lini? Baada ya kuvuna mahindi! Ndugu zangu, nawaambia, mimi ni mpole, lakini siku hiyo nilisimama. "Mama, nakuheshimu. Laana ingoje mahindi. Macho ya mtoto hayangoji." Mume wangu, ambaye hajawahi kumpinga mama yake, akachukua mkoba wa mtoto akasema, "Twende."

Wakampasua Mombasa. Siku alipovishwa miwani, miwani nene hivi, akanitazama usoni. Akatazama weee, halafu akacheka. Nilipiga vigelegele mpaka nesi akaja mbio! Baadaye nikapasuliwa na mimi.

Damu zetu zikapimwa, majibu yakaja. Daktari akaeleza kwamba lenzi ya jicho haina mshipa wa damu. Seli zake hupitishiana maji na chakula kwa vitundu vidogo mno, jirani kwa jirani. Kwetu, jeni inayotengeneza vitundu hivyo ina kasoro, kutoka kwa baba hadi kwangu hadi kwa mtoto, ndiyo lenzi ikafunga ukungu tangu tumboni.

Mama mkwe akadakia, "Yaani kama shamba la mwisho kwa mfereji, wenzako wakikufungia maji?"

"Ndivyo hasa," daktari akasema.

Mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu, basi baba yako tumemsingizia." Hapo ndipo nililia.

Asante mume wangu. Asante mama, wewe uliyeketi pale, siku hizi ukisikia mtu amejifungua swali lako la kwanza ni, "Macho yameangaliwa?" Asanteni nyinyi mliosimamia meza yangu sokoni nikiwa hospitali. Ukiona peupe ndani ya jicho la mtoto, wachana na mambo ya laana, mkimbize kwa daktari.

Na wenye macho mmeshaona hii dera imeanza kunibana. Ndiyo, niko na mimba! Daktari alisema kila mtoto wangu ni nusu kwa nusu, anaweza kuupata, anaweza kukosa. Siogopi. Akizaliwa nao, ataona. Akizaliwa bila, ataona.