Sista Siku Kumi na Jokofu la Chanjo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha chanjo za wasafiri, kile cha mwisho wa korido, muuguzi wetu mkuu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake la kwenye barua mnalijua. Sisi tuliofanya naye kazi tunamwita Siku Kumi, na hata mumewe akipiga simu mapokezi huuliza kama Siku Kumi ameshatoka.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa siku ya kumi baada ya sindano. Kabla ya hapo kadi ya msafiri ni karatasi tu. Mfanyabiashara mmoja aliingia na sanduku mkononi, ndege ikiwa ya jioni ileile. "Shemeji, rudisha tarehe nyuma kidogo tu, nani atajua?" Akajibiwa huku pamba ikisugua bega: "Nitajua mimi. Siku kumi, shemeji, hata ukilia." Alinung'unika hadi mlangoni, akabadilisha tiketi. Mwenzake aliyejipatia kadi ya uchochoroni alirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa huko alikokwenda. Tangu hapo yule bwana ametuletea ukoo wake mzima, mpaka mama mkwe.

Mkono wake ni mwepesi. Askari mmoja wa miraba minne, aliyekuwa anakwenda kulinda amani nchi za watu, alifumba macho akaomba ahesabiwe hadi tatu. Ilipotajwa moja, sindano ilikuwa imeshatoka, naye bado amekaza uso. "Fumbua, baba, tumemaliza. Kuna watoto wanakingojea kiti."

Kwa jokofu la chanjo hakuwa na mzaha kabisa. Asubuhi na jioni alisoma kipimajoto na kuandika kwenye chati iliyobandikwa mlangoni. Chakula na vinywaji vilikuwa marufuku humo ndani, uwe nani.

Hapa mhariri wa jarida letu la kituo aniwie radhi, maana aliniomba ukurasa wa kuchangamsha. Nilikuwa daktari wa kituo hiki miaka mingi. Sasa nimelala kitandani, figo zimechoka, na madaktari wenzangu hawanifichi kitu. Faili la mtumishi likishafungwa siku ya kustaafu halifunguliwi tena, na ndani ya faili la Siku Kumi imo barua moja ya onyo. Niliitia saini mimi. Kosa lilikuwa langu.

Miaka kumi na tisa iliyopita, Ijumaa jioni, aliandika nyuzi joto nne, akafunga jokofu, akaenda kwake. Mimi nilikuwa na ufunguo wa akiba, na nyuma ya maboksi nilikuwa nimeficha soda yangu ya chungwa. Nikaitoa, nikaifungua palepale kwa meno, nikasukuma mlango kwa kiwiko na kuondoka. Jumatatu mlango ulikutwa wazi kwa upana wa kidole na kipimajoto kinasoma kumi na saba. Dozi mia moja na ishirini zikatupwa.

Siku Kumi hakupoteza muda kulia. Alishika simu tangu saa mbili asubuhi, akaomba dozi hospitali hii na ile, na wasafiri arobaini na mmoja waliokuwa na miadi wiki ile walichanjwa wote. Hakuna aliyekosa ndege. Kisha akaitwa mbele ya kamati, ambayo mwenyekiti wake nilikuwa mimi. "Niliandika nyuzi nne, nikafunga. Zaidi ya hapo sina la kusema." Mimi nikasema ufunguo wa akiba haukutoka kwenye droo yangu. Akapewa onyo, na cheo cha muuguzi mkuu kikamchelewea miaka mitatu.

Mwezi uliopita niliuandikia uongozi ukweli huu na kusaini mbele ya mashahidi wawili. Juzi karani aliniletea nakala: barua ya onyo imeondolewa, na cheo chake kinahesabiwa tangu pale kilipostahili. Faili lake litafungwa likiwa safi.

Lakini sikutaka ausome ukweli huu jaridani kama mgeni. Nilimwita nyumbani. Alikuja na bega linamuuma: baada ya kuchanja maelfu ya watu bila yeye kuvuka mpaka wowote, anakwenda kumtembelea binti yake ng'ambo, na wauguzi wasichana wa chumba chake cha chanjo walikuwa wamemchoma sindano asubuhi ile. Wanasema alifumba macho.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua mkoba na kuniwekea kiganjani kizibo cha soda kilichoingia kutu. "Kilikuwa kimebana kwenye mpira wa mlango, Daktari. Nani mwingine pale alikuwa anakunywa ya chungwa?"

Nikamuuliza mbona alinyamaza. "Kituo kilikuwa na daktari mmoja tu. Ungefukuzwa, kadi za wasafiri zingesainiwa na nani? Nikasema, nitampa siku kumi aseme mwenyewe." Akakitazama kile kizibo. "Umechelewa kidogo."

Sista, kadi yako ilisainiwa siku kumi na moja kabla ya safari. Hatukutarajia pungufu ya hapo. Kwa niaba ya kituo kizima, asante. Uende salama, umkute binti mzima, na miaka yako ya mapumziko iwe mirefu na mitamu. Kizibo nimebaki nacho mimi.