Kanda Mama Haitoki Dukani

Nje ya duka la Fundi Spika, mtengeneza redio, kuna benchi alilolipigilia mwenyewe kwa mbao za kabati la spika lililopasuka, na ndiyo maana muziki ukipigwa ndani, aliyekaa nje husikia besi inampanda mgongoni. Kila Jumamosi alasiri hukaa hapo watu walewale, wakamimina kahawa kutoka chupa ya Nusu Kilo, mwenye duka la rejareja, na kila mmoja akatoa taarifa ya albamu aliyoisikiliza wiki nzima. Sheria za benchi ni mbili. Ya kwanza, albamu husikilizwa yote, hakuna kuruka wimbo. Ya pili ni ya Fundi mwenyewe: kanda mama haitoki dukani. Ukitaka albamu, anakunakilia kwenye mashine yake kubwa, wewe unakwenda na nakala, kanda mama inarudi rafuni, isije ikatafunwa na redio ya mtu huko. Kwa sheria hiyo ya pili watu wazima hawa walisikiliza muziki miaka nenda miaka rudi, na kwa sheria hiyohiyo Jumamosi moja walibaki midomo wazi.

Siku hiyo Nusu Kilo alifika bila kusalimu. Hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu, maana Nusu Kilo husalimia hadi mizani yake.

— Jamani, alisema, kuna mtu kaiharibu Mlango Wazi.

Mlango Wazi ni albamu ya Bendi ya Kokoto, na hapo benchini hakuna inayoisogelea. Albamu nyingine zote hupimwa kwayo. Breki, dereva mstaafu wa lori, amekuwa akiisifia mbio zake tangu ana nywele: magitaa yanakimbia kama watu waliokuta nguo zao zimeanikwa na mvua inaanza. Sasa binti yake Nusu Kilo alikuwa amemnunulia baba yake simu kubwa, akamwekea humo albamu nzima, na mzee akaisikiliza wiki yote nyuma ya kaunta. Alichokisikia kilimtoa jasho. Mwimbaji alivuta maneno. Ngoma zilikuja zikiwa zimechelewa. Wimbo wa tatu, ule wanaochezea mabega, uligeuka kuwa wimbo wa mtu anayejuta.

— Nikasema labda simu inaumwa, alieleza. Nikasikiliza kwenye simu ya binti, vilevile. Nikaazima ya jirani, vilevile. Sijalala vizuri, nawaambia ukweli.

Akaiweka simu katikati ya benchi. Mama Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili, alisimamisha mguu kwenye pedali, akatoka na futi ya kupimia shingoni. Wakainama wote. Wimbo wa kwanza ulipoanza, Breki alishika kichwa kwa mikono miwili.

— Huyo ni nani?

— Ndiye, alisema Nusu Kilo. Mwenyewe.

— Mwenyewe huyo ana homa.

 Fundi Spika aliingia ndani, akachomoa kanda mama ya Mlango Wazi rafuni, akaitia upande wa kulia wa mashine, upande wa kuchezea, maana wa kushoto kazi yake ni kunasa tu kile ambacho wa kulia unakipiga. Magitaa yakatoka mbio kama kawaida yao, mwimbaji sauti juu, mwepesi. Benchi likatetema. Watu wakashusha pumzi, lakini simu nayo ilikuwa bado inaimba taratibu pale katikati, na ule wimbo mmoja uliojigawa mara mbili uliwatia hofu ambayo hakuna aliyetaka kuikiri. Nusu Kilo akaizima simu.

Hapo ndipo kila mtu alipoanza kutoa ya kwake. Breki alisema hii ni kazi ya makampuni ya simu. Wanazinyoosha nyimbo makusudi, wimbo unakuwa mrefu, bando linateketea. Nusu Kilo akamwambia nyimbo hizi ziko ndani ya simu tayari, hazili bando. Breki akajibu kwamba hivyo ndivyo wanavyotaka uamini. Mama Pindo alikuwa na maelezo yake ya huruma zaidi: mwimbaji amezeeka, ameirudia albamu upya, kifua hakina nguvu tena, na sisi badala ya kumwombea afya tunamsema. Lakini kelele za watu nyuma ya wimbo wa tatu, mmoja anayepiga mluzi, zilikuwa zilezile kwenye simu. Je, na mpiga mluzi naye amezeeka, akaitwa arudie?

Hapo Breki akapanda gia.

— Basi nitawaambia kitu mtanicheka. Ni dunia. Dunia imepunguza mwendo. Mimi mwenyewe ngazi za nyumbani nilikuwa nazipanda mbilimbili, sasa hivi napumzika katikati. Mnadhani ni miguu? Kanda zilinaswa dunia ikiwa bado na kasi yake. Simu ni za juzi.

Hakuna aliyecheka. Siku nyingine wangemtoa mbio, lakini alasiri hiyo Nusu Kilo alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilishuku.

Fundi Spika ndiye aliyekasirika. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyependa mabishano, lakini mashine ile ilikuwa jina lake. Mtaa mzima ulileta redio kwake kwa sababu ulimwamini masikio. Akasimama mlangoni, bisibisi mkononi, akawaambia kwamba simu ni vitu vya kuchezea, kwamba hapo ndani kuna mashine aliyoifungua na kuifunga kwa mikono yake, na hata mota ya upande wa kulia ilipoungua aliitafutia nyingine akaifunga mwenyewe.

— Mashine hii ikiwa inasema uongo, alisema, nafunga duka.

Sasa, nyuma ya Breki alikuwa amesimama dada mmoja mgeni, kavaa sare ya hospitali, pasi iliyoharibika kwapani. Alikuwa amengoja kwa adabu mpaka mzozo upoe ahudumiwe, akaona haupoi.

— Samahanini wazee wangu, alisema. Huyo mwimbaji hakuna kati yenu aliyewahi kukaa naye. Hamna kanda ya mtu mnayemjua? Mkaisikiliza, mkaona kama ndiye?

 Nusu Kilo aliangalia kikombe chake. Breki aliangalia barabara. Mama Pindo alimtazama Fundi, kisha akaona vibaya akatazama chini, maana wote watatu walijua kwamba kanda hiyo ipo.

Ilikuwa kwenye droo ya meza ya kazi, imefungwa kwa leso. Siku ile mashine iliponunuliwa, bado mpya, mota zake zote mbili za kiwandani, Fundi na mkewe waliijaribu kwa kuinasa sauti ya mke. Mengine yalifuata upesi, ugonjwa, hospitali, maziko. Mota iliungua wakati duka limefungwa kwa msiba, na Fundi aliibadilisha kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Kanda yenyewe aliiogopa muda mrefu. Alipopata moyo wa kuisikiliza, aliisikiliza kila Ijumaa, mlango umerudishwa, na hakuwahi kumsikilizisha mtu.

Na kuna jambo hakuwahi kumwambia yeyote. Katika kanda ile mkewe alikuwa na haraka. Alimwambia mumewe naye aseme neno, Fundi akaona haya kusema na mashine, na mke hakumngoja. Alisema "basi" kwa ukali, akazima. Hiyo ndiyo sauti pekee iliyomsalia ya mke wake, sauti ya mtu aliyechoshwa naye. Kila Ijumaa alikwenda kuisikiliza, na kila Ijumaa ilimla moyo.

Angeweza kukataa. Dada wa watu asingejua, na wale watatu wasingemlazimisha. Lakini alikuwa ameshasema atafunga duka, na zaidi ya hapo, swali la yule mgeni lilikuwa limemwingia kifuani likagoma kutoka. Akafungua droo.

Aliitia kanda upande wa kulia. Ikakwaruza, kisha sauti nyembamba ikatoka, ya mwanamke mwenye pilikapilika, maneno yamebanana.

— Haya, inazunguka? Mimi ndiye mke wa fundi. Leo tumenunua mashine, nyumba imejaa waya, sina hata pa kuweka sufuria. Haya mume wangu, na wewe sema neno.

Kimya kifupi.

— Basi.

Kanda ikakatika. Fundi aligeuka kuwatazama kwa uso wa mtu aliyeshinda na asiyefurahia ushindi wake. Mama Pindo alikuwa amejiziba mdomo.

— Shemeji, alisema. Huyo siye.

— Ndiye. Namsikiliza kila Ijumaa.

— Shemeji, mimi nimekaa na shoga yangu mlango kwa mlango mpaka siku anaondoka. Nimeshona naye, nimelia naye. Sauti yake ilikuwa nzito. Ulikuwa unamtania, unamwita besi. Umesahau?

 Besi. Neno hilo lilimpiga Fundi kama mlango uliosukumwa na upepo. Ni kweli alimwita besi, tena mbele za watu, naye alikuwa akimrushia kitambaa cha jikoni. Vipi mtu asahau kitu kama hicho? Kila Ijumaa ile sauti nyembamba ilikuwa imeifuta ile nyingine, kidogokidogo, hadi akawa anamlilia mwanamke asiyemjua. Akaishika meza kwa mikono yote miwili. Aliogopa kuliko alivyoogopa pale hospitalini.

— Kama huyo siye, Nusu Kilo alinong'ona, basi hata Kokoto siyo Kokoto. Hatujasikia albamu hata moja, jamani. Zote tulizobishania hapa, zote zimenakiliwa kwa mashine hii.

Breki alikaa kama aliyekatwa breki zake mwenyewe. Sifa zote zile za mbio za magitaa, tangu ana nywele.

Fundi alikwishawaacha na hesabu zao. Aliivuta mashine, akafungua mfuniko wa nyuma. Kwenye kila mota ya kanda kuna tundu dogo, na ndani ya tundu kuna skurubu ya mwendo, ambayo ukiigusa kwa bisibisi nyembamba mota huongeza au hupunguza kasi. Wateja wangapi aliwarekebishia! Yake mwenyewe, iliyotolewa kwenye mashine ya aina nyingine, hakuwahi kuigusa. Aliifunga siku za msiba, ikazunguka, akashukuru, asiupime mwendo wake. Akarudisha kanda mwanzo, akaiwasha, akaingiza bisibisi.

— Mama Pindo, alisema bila kugeuka. Niambie wewe. Mimi masikio yangu siyaamini.

Alizungusha kidogo sana. Sauti ikashuka, ikaanza kupata mwili. Mama Pindo akatikisa kichwa, bado. Akarudisha kanda, akazungusha tena. Ikapita, ikawa ya mlevi, Mama Pindo akasema rudisha. Dada mwenye pasi alikuwa amesogea hadi mlangoni, na mtaani watu walipita na shughuli zao kama kawaida. Akarudisha kanda mara nyingine, akagusa skurubu kama anayegusa jicho la mtoto.

— Haya, inazunguka?

— Hapo, alisema Mama Pindo, na machozi yakamtoka waziwazi. Hapo, shemeji. Usiiguse tena.

Ilikuwa sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno. Haikuwa na haraka yoyote. Ilisema habari za waya na sufuria kwa raha, kama mtu anayelalamika juu ya kitu alichokitaka mwenyewe. Fundi aliijua papo hapo, mgongo mzima ukamsisimka, na aibu ya kuisahau ikachanganyika na furaha hata hakujua ni ipi inayomliza.

— Haya mume wangu, na wewe sema neno.

Kisha kimya. Na kimya hicho, ambacho kila Ijumaa kilikuwa kifupi, sasa kilikuwa kirefu. Kilikwenda, kikaendelea kwenda. Ndani yake, kwa mbali, mtu alivuta pumzi kama anayezuia kicheko. Alikuwa amengoja. Alikuwa amemtazama mume wake anavyoona haya mbele ya mashine, akamngojea kwa upole wote, mpaka mwisho.

— Basi, alisema mwanamke, akicheka chinichini.

Kanda ikakatika.  Breki, ambaye haachi dau la mtu lipite bila kudai, hakusema lolote juu ya kufunga duka. Nusu Kilo aliinamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe, halikutoka hata tone, lakini akaendelea kuishikilia hivyohivyo.

Dada mwenye pasi ndiye aliyeuliza, taratibu, kwa sauti ya mtu asiyejua kama anaruhusiwa.

— Baba, siku ile ulitaka kumwambia nini?

Fundi Spika alimtazama. Akamtazama Mama Pindo, akawatazama wale wawili, kana kwamba mmoja wao huenda analikumbuka jibu kwa niaba yake. Halikuwapo. Akapangusa uso kwa ile leso ya kanda, akarudisha kanda nyuma, akabonyeza tena. Na ile sauti nzito ilipofika kwenye kumwomba mume wake aseme neno, benchi zima liliinama kuelekea mlangoni, Breki na mbio zake, Nusu Kilo na chupa yake tupu, wakangoja pamoja naye.