Bunduki Iliyomkatalia Muhanna

Pale Ibra, Omani, nyuma ya duka la fundi wa kanzu, pana benchi la mbao lenye mguu mmoja wa tofali. Kila ikitoka swala ya alasiri hukaa hapo watu watatu na deli moja la kahawa, na mwaka ule wa tisini na nane hapakuwa na jambo la dunia lililopita bila ya kuhukumiwa. Kadhi wao ni Meja. Jina lake hasa Musallam, na umeja wenyewe aliupata kwa kugawa mablanketi stoo ya jeshi miaka kumi na minane. Wa pili ni Zakariya, aliyezaliwa Bujumbura na kuitwa Bujumbura. Wa tatu, Muhanna, mtoto wa Unguja Mjini, alikuwa hajapata jina la kijiweni bado, maana ana mwezi mmoja tu tangu astaafu wizarani Maskati akanunua nyumba ya zamani yenye shamba la mitende. Siku hiyo alikuja na uso wa mfiwa, hata kikombe hakukipokea.

— Kaja tena, alisema. Yule mwizi. Jana adhuhuri, sote tumelala.

— Kachukua nini? aliuliza Bujumbura.

— Hachukui kitu. Hii mara ya tatu, kila baada ya siku nane. Anaingia kwa mlango wa shamba, kajigubika shuka mpaka usoni, miguu peku, ananyata. Anainama ukutani pale mfereji unapopita, anahangaika na jiwe na matambara, halafu anatoka. Mke wangu Fawziya keshafunga sanduku lake. Kasema akija mara ya nne, yeye anarudi Maskati, na mimi nibaki na mitende yangu.

— Nawe ukafanya nini?

Muhanna alitazama vidole vyake. Jambo hilo hakumwambia hata mkewe, na kulisema mbele ya Meja ni sawa na kulitangaza sokoni, lakini lilikuwa limemkaa kooni tangu jana.

— Nilikuwa na shozan ya mkwe wangu. Ile bunduki ya marisau, ya kuvuta. Nikaitoa dirishani, nikamlenga mgongoni, nikabonyeza.

Deli likasimama hewani mkononi mwa Meja.

— Ikalia taka. Basi. Marisau yote yamo tumboni mwa bunduki, na mimi nimesahau kuivuta risasi ipande. Nikaingia chini ya dirisha. Nilipochungulia tena, hayupo. Sasa nataka kununua yangu. Mkwe atanisaidia mambo ya leseni. Niambieni, ya kuvuta au otomatiki?

Watu wazima wangemuuliza kwanza kama ana akili timamu. Kijiwe kilifurahi. Ilikuwa siku nyingi hakijapata swali la maana.

— Ya kuvuta, Meja alihukumu. Ule mlio wake tu, kracha-kracha, mwizi anaacha viatu anakimbia.

— Huyu yuko peku, alisema Bujumbura.

— Ataacha shuka. Halafu haraka haraka haina baraka. Ya kuvuta inakupa nafasi ya kufikiri baina ya risasi na risasi.

— Ya akhi, mwizi hangoji ufikiri. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Otomatiki ina sistimu yake. Unabonyeza, ganda linatoka lenyewe, risasi inapanda yenyewe. Tano kwa pumzi moja, na mtu kama Muhanna hana cha kusahau.

— Hujui kitu weye. Hata otomatiki, ya mwanzo unaivuta kwa mkono wako. Na ikila mchanga wa huku Sharqiya inakwama. Sisi jeshini...

— Jeshini ulikuwa unalinda mablanketi.

— Liliibiwa hata moja?

Muhanna alisikiliza kama mgonjwa anayesikiliza madaktari wawili. Moyo wake ulikuwa kwenye otomatiki. Nyumba ile ni jasho lake la miaka thelathini, na hakuwa tayari kudhalilishwa tena na bunduki ya kuazima.

— Lakini huyu si mwizi, Meja aliendelea. Mwizi asiyeiba wapi na wapi? Huyu anatafuta mali. Nyumba za zamani hizo, watu walizika fedha kutani. Ndiyo maana anashika jiwe.

— Mara tatu na hajaipata? Huyu anazika, hachimbui. Matambara yale ni uchawi, wallahi. Nimeyaona Bujumbura.

— Basi pana kundi zima, na yeye ni mpelelezi wao. Siku nane ndiyo zamu yake.

— Kundi lote hilo! Sasa umekubali otomatiki.

Meja alikuwa anatafuta methali ya kujitetea alipotokea mzee mmoja na bakora, mkononi kikapu cha ndimu. Alikuwa Khalaf, mwenye kupanga zamu za maji ya falaj, ule mfereji unaonywesha mashamba ya mtaa mzima. Alikulia Wete, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

— Shikamoo, walisema wote.

— Marahaba. Muhanna ndiye nani? Bi Hamda kanituma kwako na ndimu hizi.

— Bi Hamda yupi, mzee wangu?

— Jirani yako wa bondeni. Zamu yake ya maji ni kila siku ya nane, adhuhuri, na njia ya maji inapita uani mwako. Lazima aingie, atoe jiwe na matambara pale ukutani, maji yateremke kwenye mitende yake. Ndiyo kawaida yetu, haina hodi. Wenye nyumba wa zamani walikuwa wakijua, nasi tukadhani nawe wajua.

Muhanna alikipokea kikapu kwa mikono miwili, akakiweka mapajani.

— Mwenyewe kaona haya kuja. Kasema umwie radhi. Huvua viatu mlangoni asikuvunjieni usingizi.

— Ana umri gani? Bujumbura aliuliza kwa sauti ndogo.

— Hapungui sabini na tano. Na hiyo jana kasikia kitu kinalia taka dirishani kwako, akadhani mmeamka, akatoa salamu. Hakujibiwa. Hakulala, akisema labda mmemkasirikia.

Muhanna aliushika ukingo wa benchi. Aliuona tena ule mgongo ulioinama juu ya mfereji, na kidole chake kikibonyeza, kikibonyeza hasa, kwa nguvu zake zote. Alitaka kulia. Meja alijitia kumimina kahawa, ikamwagikia vidole.

Khalaf alikipokea kikombe, akanywa, akaona jinsi walivyonyong'onyea. Akataka kuwachangamsha.

— Nimekukuteni mkibishania bunduki, alisema. Mimi hizi za kisasa sizijui. Kwani mmekubaliana ipi bora?

Meja alitazama barabarani. Bujumbura alitazama kikombe chake. Muhanna alifungua mdomo, kwa kuwa mzee akiuliza hujibiwa, na mdomo ukabaki vivyo hivyo, wazi.