Kidole Gumba Kilichofuta Jeli

Mwangaluka, akina mama! Leo zamu ya kusimama hapa kikundini na kutoa shukrani ni yangu, na mdomo wangu mnaujua. Nivumilieni.

Nilikuwa napaka kucha za jeli saluni, hapa hapa Ngokolo. Mteja akitoa mkono kwenye taa ya kukaushia, kucha huwa inanata kidogo juu. Wenzangu walifuta kwa pamba na spiriti. Mimi nilifuta kwa kidole gumba, ili mteja aone inavyong'aa. Nilijiona fundi kweli kweli!

Vidole vikaanza kuwasha. Vikachubuka, vikapasuka, vikatoa maji. Wateja wakanikimbia. Mama mkwe akasema nimelaaniwa, sahani yangu ikatengwa. Mwanangu alikuwa bado ananyonya. Mama mkwe akamchukua akae chumbani kwake, akamwachisha ziwa siku hiyo hiyo. Ndugu zangu, nawaambia, nilimsikia akilia ng'ambo ya ua, maziwa yananichuruzika kifuani, na mlango una komeo. Mume wangu? Aliangalia chini tu.

Jirani yangu mmoja akanikokota hospitali. Nilijua naenda kuambiwa ni ukoma. Daktari wa ngozi akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwonyesha ninavyofuta. Akashika kichwa.

"Mama, jeli haikauki kwa upepo," akasema. "Ina dawa ndani. Mwanga ukiipiga, inapasuka vipande vikali visivyotulia. Kila kipande kinadaka chembe ya jeli, nayo inadaka ya jirani yake, mpaka zote zimeshikana zikawa ngumu. Ila pale juu kabisa hewa inaviwahi vile vipande na kuvizima, kwa hiyo jeli inabaki mbichi. Hiyo mbichi ndiyo uliyokuwa unajipaka kila siku. Mwili wako umeshaichukia, na hautaisamehe tena."

Kumbe laana yenyewe ni hiyo! Niliacha kazi, vidole vikapona. Mwanangu nikarudishiwa. Nikamnyooshea mikono, akapiga kelele, akamkimbilia bibi yake. Mpaka leo akijikwaa, haniiti mimi. Inaniuma, sifichi.

Jirani yangu, asante. Ulikuja na sahani moja tukala wote humo, vidole vyangu vikiwa na vidonda vibichi. Daktari, asante. Nanyi mabinti wa saluni, kinachonata msikiguse, vaeni glavu.

Na wewe mama uliyefunga komeo, nakuona hapo mbele. Usiondoke. Ugali wa leo nimeusonga mimi, na maji ya kunawa nitakumiminia mimi, kwa mikono hii hii.